Rangi Iliyopauka

Walimu wenzetu watatuwia radhi kwamba safari hii hatuandiki juu ya ngeli wala viambishi, bali juu ya gari kuukuu la marehemu baba yetu. Anayedhani kwamba jambo hili halihusiani na kazi yetu tunamwomba atuvumilie hadi mwisho, kwani gari hilo liliokolewa na neno moja la Kiswahili.

Gari lenyewe ni Peugeot 404 ya buluu iliyoiva, iliyonunuliwa Kampala mwaka 1968. Wazee wanakumbuka heshima ya gari la namna hiyo siku zile. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, 404 ilishinda mwaka 1963, kisha ikashinda miaka mitatu mfululizo: 1966, 1967 na 1968. Baba alikuwa akifanya biashara ya tumbaku kati ya Koboko na Arua, na alisema kwamba gari lililoyaweza matope ya Safari litaiweza pia barabara yetu ya udongo mwekundu.

Liliyaweza na makubwa kuliko hayo. Utawala wa Idi Amin ulianguka mwezi wa Aprili 1979, na mwezi wa Oktoba 1980 vita na visasi vilifika Nile Magharibi. Watu maelfu kwa maelfu walivuka mpaka kuingia Sudan na Zaire. Sisi tulikuwa watoto. Tunamkumbuka baba akifunga magodoro juu ya paa kwa kamba ya katani, mama akituhesabu katika kiti cha nyuma, na gari likishika njia ya Ingbokolo kabla ya mapambazuko. Tuliporudi mwaka 1986 gari lilirudi nasi, lakini vipuri vilikuwa adimu. Baadaye likaegeshwa ghalani Koboko, likapandishwa juu ya matofali. Baba akafariki. Kuku wakataga chini yake, nao nyigu wakajenga vibanda vyao katika taa.

Mwaka jana tulilipakia katika lori tukalileta Arua, safari ya zaidi ya kilometa 50, ambayo siku hizi ni ya lami tupu. Tulipoliteremsha juani ndipo tulipoiona hali yake. Buluu haikuwapo. Gari zima lilikuwa la majivu, na aliyepitisha kiganja juu ya boneti alikiondoa kikiwa na unga kama wa chaki.

Mdogo wetu hakusita. "Kaka," alisema, "tulipige rangi nyeupe, tulikodishe kwa maarusi." Fundi, mtu wa upande wa Kongo, akamuunga mkono: "Mwalimu, rangi hii imekufa. Tuichubue yote mpaka kwenye bati, tuanze upya." Tulikaribia kukubali. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mama alikuwa ameketi mkekani, kivulini. Aliinuka polepole, akapitisha vidole juu ya mlango, akasema kwa Kiswahili ili fundi naye asikie: "Haikufa hii. Imepauka."

Sisi tunaofundisha lugha hii tulipaswa kulikumbuka neno hilo kabla yake. Nguo ikichuja, rangi yake imekwenda na maji wala hairudi. Lakini ngozi ikipauka, ngozi ingali ipo. Imekosa mafuta tu. Na hakuna mama anayemchubua mtoto aliyepauka. Humwogesha, akampaka mafuta.

Tulipochunguza tuliona kwamba mama alisema kweli hata kwa kanuni za ufundi. Magari mengi yaliyoundwa tangu miaka ya 1980 yana tabaka la juu lililo angavu, linaloikinga rangi iliyo chini yake. Rangi ya gari letu haina kinga hiyo. Jua na hewa huila gundi inayoishikilia rangi, gundi ikaisha, na rangi ya juu ikabaki unga. Lakini unga huo ni utando mwembamba tu. Chini yake buluu ya mwaka 1968 ingalipo. Tulijaribu mahali pa siri, chini ya mlango, kwa kitambaa cheupe chenye polishi kidogo. Kitambaa kikatoka na buluu, nasi tukafurahi.

Furaha hiyo ilikuja na hofu. Tabaka zote za rangi juu ya bati la gari, zikijumlishwa, hukaribia unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Kila msuguo huondoa kidogo, na kilichoondoka hakirudishwi. Kwa hiyo tulikataa msasa, tukakataa na mashine. Tuliliosha gari kivulini kwa sabuni laini. Udongo wa nyigu tuliulowesha kwa kitambaa cha maji mpaka ukalegea wenyewe. Kisha tukalipaka polishi yenye mafuta mengi, tukaiacha ilale usiku kucha ili rangi inywe. Asubuhi tukasugua kwa mkono, taratibu, tukihurumia kingo za milango, maana hapo rangi ni nyembamba kuliko kwingineko. Mwisho tukapaka nta. Mama alipendekeza nta ya nyuki, isiyokosekana kwetu. Lakini hiyo ni laini, hunasa vumbi. Tukatumia nta ya mchikichi wa Brazil uitwao carnauba, ambayo ni ngumu na hustahimili joto zaidi.

Siku ya nne tulifika kwenye paa. Unga ulipotoka, ilitokea mistari miwili ya kijivu iliyokatiza kutoka ubavu hadi ubavu. Hapo buluu haikuwapo kabisa. Ilikuwa ni alama ya ile kamba ya katani, iliyosugua njia nzima ya kwenda Zaire mpaka ikaifikia rangi ya msingi.

Fundi alisema, na safari hii alikuwa na haki, kwamba hapo hakuna mafuta yatakayosaidia. Apewe paa peke yake, alipige rangi. Mama hakujibu. Aliweka kidole juu ya mstari mmoja, akaufuata hadi mwisho. Tukamwambia fundi apake nta juu yake, basi.

Mdogo wetu hajaridhika hadi leo. Maarusi wawili wamekwisha likataa gari kwa sababu ya mistari hiyo, na fedha hizo tulizihitaji. Hatuwezi kumlaumu.

Lakini tangu hapo tunasahihisha madaftari kwa mkono mwepesi zaidi. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 serikali ikaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Wanafunzi wa Arua na Koboko hutuletea Kiswahili walichookota sokoni, mpakani na kambini, nasi twaharakisha kusema kwamba kimekufa, tukichubue mpaka kwenye bati. Aghalabu kimepauka tu. Na penye alama ya kamba, mwalimu na aulize kwanza ni mzigo gani uliofungwa hapo.

Gari limeegeshwa chini ya mwembe, nyumbani Arua. Kila Ijumaa mama hulifuta vumbi mwenyewe, akianzia paani.