Amebaki Nani wa Kunicheka?

Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Kwa utaratibu tulioachiwa na wazee tangu enzi za misafara, wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu, hilo peke yake lilitosha kutupa ruhusa ya kutukanana bila kununiana. Juu ya hapo, yeye Yanga, mimi Simba. Tulikulia mtaa mmoja Ilala, tukasoma darasa moja, na hadi tunapata wajukuu sikuwa nikimwita kwa jina lake. Alikuwa Mtani wangu, nami Mtani wake.

Tarehe 19 Julai 1977 tulikuwa bado shule ya msingi. Kiingilio cha Uwanja wa Taifa, huu unaoitwa Uhuru siku hizi, hatukuwa nacho, tukakaa barazani kwao na redio ya baba yake. Betri zilikuwa zimechoka, na mchana kutwa Mtani alizianika juani zipate nguvu ya kutufikisha mwisho wa mchezo. Zikatufikisha, kwa bahati mbaya yake. Abdallah Kibadeni peke yake alifunga matatu, mpira ukaisha Simba sita, Yanga bila. Mabao yalipozidi alitaka kuizima redio, eti betri zitunzwe kwa taarifa ya habari ya baba. Nikaikumbatia kwa mikono miwili.

Sita ile niliila maisha yangu yote. Alipooa nilimpelekea mayai sita. Alipopata mtoto wa kwanza nikamuuliza kama bado watano. Naye hakuwa mnyonge: alinirudisha 1968, enzi tukiitwa Sunderland, Yanga walipotuchapa tano bila, kisha akanipitisha Nyamagana, Mwanza, 1974, walipotuliza mbili kwa moja. Mei 2012 tulipowafunga tano bila, Wanayanga wengi walizima simu. Yeye alipokea mlio wa kwanza. "Sema haraka, Mtani, nina kazi." Nikasema mpaka salio likaisha, wala hakukata.

Kisukari kilimchukua mwaka 2023. Aliwahi kuiona Yanga ikicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikishinda 1-0 kule Algiers na bado ikilikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Nilikwenda kumpa pole, nikakosa moyo wa kumtania. Akaligundua hilo. "Ukianza kunihurumia, Mtani, nitajua nakufa."

Msiba uliwekwa kwao Kisarawe. Kabla jeneza halijatolewa uani nilisimama mlangoni nikasema Mzaramo huyu haendi kokote, nina deni langu kwake. Vijana wakatoa simu wanirekodi, wakidhani mzee amelewa. Dada yake mkubwa ndiye aliyeelewa. Alifungua pindo la kanga, akanitupia noti ya mia tano. "Chukua, Mnyamwezi mwenye njaa wewe, umwache kaka yangu apite." Waliokuwa wakilia wakacheka, wakarudi kulia. Nikapisha njia.

Tarehe 5 Novemba mwaka huohuo Yanga walitufunga tano kwa moja. Nilitazama kwenye kibanda umiza, Buguruni. Kijana aliyekaa ubavuni mwangu, jezi nyekundu mwilini, alishangilia mabao ya pande zote mbili; mkeka wake wa kubeti ulitaka mabao mengi, haukujali yanaingia wapi. Simlaumu, kila kizazi na njaa yake. Sisi tulishindania haki ya kucheka hadi msimu ujao, na haki hiyo haikuuzwa popote.

Usiku ule simu yangu ilijaa vibonzo, klipu na kejeli, nyingine kutoka namba nisizozijua. Nilikuwa na jibu tayari: "Bado moja." Ila sikuwa na wa kumpelekea. Kwa hao walionitumia, tano ni matokeo ya Jumapili moja. Kwa Mtani zingekuwa malipo ya deni la miaka arobaini na sita, tena malipo pungufu, na angebishana nami mpaka alfajiri kwamba bao la ugenini lihesabiwe mara mbili.

Mjane na watoto wamempoteza mtu wao, na msiba wao ni mkubwa kuliko wangu. Wangu ni huu: Simba ikifungwa naumia peke yangu, na ikishinda ndiyo mbaya zaidi, maana ushindi usio na wa kumkera haufiki hata Jumatatu. Ninao marafiki wengine, watu wema wanaonijulia hali na kunipa pole. Hakuna hata mmoja anayethubutu kunitukana.

Kwa hiyo, msomaji, timu yako ikichapwa wiki hii na mtani wako akapiga, usizime simu. Pokea, umwache acheke mpaka achoke.