Mgongo wa Kijiko

Nyumba ninayofanyia kazi, Kacyiru, ina vijiko viwili vikubwa vya fedha ambavyo hakuna anayelia. Mama mwenye nyumba ni Mwingereza, alivirithi kwa bibi yake. Kila Ijumaa navisugua. Ndani yake kuna matunda na majani yaliyogongwa kwa nyundo na kupakwa dhahabu. Mimi nilidhani vilizaliwa hivyo.

Siku moja akanigeuzia kimoja, akaniambia nitazame mgongo wa mpini. Kulikuwa na alama ndogo kama punje za ulezi. Simba: fedha halisi. Kichwa cha chui: London. Kichwa cha mfalme: kodi imelipwa. Herufi: mwaka, 1800. Kumbe wakati huo kijiko kilikuwa kitupu, laini tu. Matunda yalikuja baadaye sana, enzi za Malkia Victoria, watu walipoona vijiko vitupu ni vya kizamani. Mafundi wakavichukua, wakavipamba, vikauzika upya.

"Wakusanyaji wengine wanasema vimeharibiwa," akasema.

Sikujibu. Neno lile liliniingia.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Tulivuka mpaka mwaka 2015. Kwetu tunasalimiana "Amahoro", hapa Kigali ni "Muraho". Basi nikakipinda Kirundi changu kidogo kidogo, mpaka kikasikika kama Kinyarwanda. Nipate kazi. Mwenye pikipiki asiniulize natoka wapi. Hakuna aliyenilazimisha.

Halafu mwezi uliopita, huko Nyamirambo, bibi mmoja anayeuza ndagala alinisikia nikiongea Kiswahili na rafiki yangu. Uso ukamchangamka. "Amahoro, mwanangu! Wewe si wa Buyenzi?"

Nikamwambia "Muraho", nikauliza bei.

Akapima ndagala, akanipa, hakusema kitu tena. Nilizila usiku ule hazina ladha.

Kijiko kile huwezi kukirudisha kilivyokuwa mwaka 1800. Ukiyasawazisha matunda, utakikonda bure. Na mimi "Muraho" yangu siitupi, inanilisha. Lakini yule fundi, pamoja na nyundo yake yote, mgongo aliuacha.

Jumamosi nikarudi kwa bibi. "Amahoro, bibi. Ndiyo, mimi ni wa Buyenzi."

Akanitazama kitambo. "Kumbe unayo bado," akasema, akaniongezea kiganja kimoja cha ndagala.