Prosesa na Wanaosubiri

Sisi wa steshenari tunaishi kwa subira ya watu wengine. Aliyeleta barua ya maombi ya kazi anasubiri, mwalimu aliyeleta mtihani wa majaribio anasubiri, mzazi anayemjazia mwanawe fomu ya Bodi ya Mikopo anasubiri huku gari la Katesh likipiga honi barabarani, na mimi niliyekaa mbele ya kioo nasubiri pamoja nao. Nadhani ndiyo maana suala la kubadilisha prosesa lilinikaa kichwani muda mrefu hivyo. Ukilitazama kwa nje ni suala la kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Kwangu mimi, hapa Balangdalalu, lilikuwa suala la kuwatazama usoni watu waliosimama mlangoni.

Mashine yetu ni Dell OptiPlex 7010, mtumba, toleo lililoingia sokoni mwaka 2012. Mashine za namna hii zilikaa maofisini nchi za watu, zikachoka machoni pa wenyewe, zikapakiwa kwenye makontena, na mwisho zikafika kwetu zikiwa bado na nguvu nyingi za kufanya kazi. Ndani yake mna prosesa ya Intel, i3-3220, yenye kore mbili. Soketi yake inakubali pia i7-3770, ambayo ina kore nne, na kasi yake inaweza kupanda hadi gigahezi 3.9 kazi ikizidi. Fundi mmoja wa mjini aliniambia bila kusita, “Mwalimu, weka i7 hapo, utasahau habari ya kuganda.” Bei aliyoitaja ilikuwa ya mbuzi mzuri mnadani. Nilistaafu ualimu, ila jina la Mwalimu halikustaafu, na labda kwa sababu hiyo sipendi kutoa mbuzi kabla sijaelewa.

Lakini kusema kweli nilitaka kumwamini. Kuna faraja katika kuambiwa kwamba tatizo ni moja na dawa yake ni moja. Kitu kikichelewa, mawazo yanakimbilia kwenye kile tunachokiita ubongo wake, na hakuna anayeuliza habari za mikono na miguu. Nikajikuta hata wateja nawaambia hivyo: vumilieni kidogo, prosesa imezeeka. Walitikisa vichwa kwa huruma, na kadiri nilivyolirudia neno hilo ndivyo lilivyozidi kuonekana kweli.

Kijana ninayefanya naye kazi ndiye aliyenionyesha ukurasa ambao Windows huufungua ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ni ukurasa mkavu, wa namba na mistari tu. Tukauacha wazi pembeni, tukafungua mtihani wa hesabu wenye michoro, kisha kivinjari, kisha ule mtihani tukauamuru uende kwenye printa. Mashine ikaganda kama kawaida yake. Nikatazama safu ya prosesa: asilimia kumi na kitu. Kumbukumbu, ambayo ilikuwa gigabaiti 4, ilikuwa imejaa karibu yote. Diski ilisimama asilimia 100 na haikushuka. Kile nilichokuwa nakisingizia uzee kilikuwa kimekaa, hakina kazi, kinasubiri kama sisi.

Nililala na picha hiyo. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, nyingi mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna mkono mwembamba unaokwenda na kurudi kutafuta kilichoandikwa. Mkono huo ukitafuta mahali papya hutumia kama sehemu kumi za elfu moja za sekunde. Kwetu ni kufumba na kufumbua, tena hata macho hayawahi. Lakini prosesa yangu hupiga mapigo bilioni 3.3 kwa sekunde, kwa hiyo kila mkono ule unapokwenda mara moja, prosesa imepiga mapigo milioni 33 bila kupata cha kufanya. Na kumbukumbu ikijaa, Windows huanza kuhamishia vitu diskini ili kupata nafasi, na mkono ule ule mmoja unaongezewa mzigo. Ningeweka i7 pale, ningekuwa nimenunua msubiriji mwenye kasi zaidi.

Bwana mmoja wa Marekani, Gene Amdahl, aliyekuwa mbunifu wa kompyuta kubwa za IBM, alilieleza jambo hili mwaka 1967, na hesabu yake haihitaji elimu kubwa. Kazi ikichukua dakika kumi, nane kati yake zikiwa za diski na mbili za prosesa, basi hata ukipata prosesa yenye kasi maradufu utaokoa dakika moja tu. Ukipata prosesa isiyotumia muda wowote kabisa, bado utasubiri dakika nane. Niliiandika hesabu hiyo nyuma ya karatasi iliyoharibika kwenye fotokopi, na mpaka leo imebandikwa ukutani juu ya swichi. Sijui kama wateja wanaiona. Mimi naiona kila asubuhi, na kila asubuhi inaniuliza kuhusu mambo mengine ambayo si ya kompyuta.

Wilaya yetu ya Hanang ina historia yake ya nguvu iliyoletwa. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, kwa msaada wa Canada, shirika la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano upande wa Basotu, mashamba saba, jumla yake karibu ekari 100,000. Matrekta yalikuja, na mashine za kuvunia, na ngano ikavunwa kweli, nyingi. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake mlikuwa na makaburi ya wazee wao. Watu walikwenda hadi mahakamani. Bado napata wazee wanaokuja niwachapishie barua za ardhi, wakiwa wamevaa mashuka yao na fimbo wameiegemeza kwenye kaunta, wakinitamkia neno moja moja polepole ili nisikosee. Sithubutu kulinganisha kilio cha ardhi na boksi la plastiki mezani kwangu. Ninachosema ni kwamba ninapoambiwa ongeza nguvu, ninawaona wazee hao, na swali la kwanza linalonijia ni nani alikuwa anasubiri nini kabla nguvu haijaletwa, na kama kuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo prosesa hatukununua. Tulinunua SSD ndogo, yaani diski isiyo na sahani wala mkono, na kumbukumbu ya kufikisha gigabaiti 8, na fedha ikabaki. Siku ya kufunga tuliitoa ile feni ya prosesa, na hapo nikaona kitu ambacho kuongeza i7 kungekizidisha. Kati ya mapezi ya chuma palikuwa na vumbi la kiangazi chetu, limeshikana kama sufi, na ile dawa nyeupe inayopitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye chuma ilikuwa imekauka na kupasuka vipande. i3 yangu imeundwa kwa joto la wati 55, i7 ile kwa wati 77. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Ningeweza kabisa kulipa mbuzi mzima kwa kasi ambayo vumbi lingeila. Kijana alisafisha kwa brashi ya rangi, akapaka dawa mpya, akafunga taratibu. Nilimkataza asiinue prosesa juu kuliko ilivyolazimu, maana soketi ile ina pini 1,155 nyembamba kama malaika ya mwili, na moja ikipinda madabodi nzima inaweza kuwa hasara.

Zamani nilikuwa nawasha mashine, nafagia kibaraza, namwagia maji vumbi la mlangoni, ndipo naingia ndani. Sasa ufagio haujafika nusu ya kibaraza, yenyewe imeshafika mahali pa kuweka nywila. Mitihani inatoka. Mzazi wa fomu ya mkopo anapata gari lake.

Ningependa kuishia hapo, na kwa muda niliishia hapo, nikijiona mtu aliyejua kupima. Kisha kijana akaniomba nikae naye jioni moja. Yeye hupiga picha za harusi na ubarikio, na usiku huziunganisha video dukani. Akafungua ule ukurasa wa Ctrl, Shift na Esc, akaiambia mashine itoe video ya harusi moja ya Mogitu. Safari hii diski ilikuwa imetulia. Kumbukumbu ilitosha. Prosesa ilikuwa asilimia 100, kore zote mbili, na ikabaki hapo. Video ya saa moja ingemaliza usiku kucha, units za LUKU zikiteremka, na umeme ukikatika saa tisa alfajiri anaanza upya. Yeye alikuwa anasubiri prosesa siku zote. Nilipokuwa napima kusubiri, nilipima kwa wateja wa mchana. Kusubiri kwake hakukuwa na mtu mlangoni wala honi barabarani, kwa hiyo hakukuingia kwenye hesabu.

Tangu hapo suala limefunguka upya, na sina uhakika nalo. Kwa kazi yake, i7 ile inafaa kabisa. Kore nne badala ya mbili zingemrudishia sehemu kubwa ya usiku. Lakini Windows 10 tunayoitumia ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa masharti ya Microsoft wenyewe, inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. i7-3770 ni ya kizazi cha tatu. Tukiinunua, tutakuwa tumeweka fedha kwenye nyumba ambayo mwenye nayo ameshaacha kuikarabati. Kijana anasema tunaweza kuhamia Linux, na hapo huwa nakumbuka kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Si wazo geni kwetu. Ila programu anayounganishia video zake ameizoea ya Windows, na mazoea ya mkono nayo ni mali.

Wakati mwingine nafikiria hata nchi yetu ilivyowahi kusitasita. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya matatizo ya kuendesha hesabu za Hazina kwa mashine, Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nililiona woga. Siku hizi silihukumu haraka. Kusema hapana kunaweza kuwa busara, na kunaweza kuwa namna ya kuwachelewesha watu ambao sauti zao hazikufika mezani, na aliyekaa mezani hana njia rahisi ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili analifanya.

Mimi naegemea kuweka akiba tupate mtumba mwingine, wa kizazi cha nane, hata kama ni mwakani. Kijana ananijibu kwa adabu, lakini ananijibu: “Mwalimu, watu wanaoa baada ya mavuno. Hiyo mashine ikija mwakani, harusi za mwaka huu zitakuwa zimekwenda kwa mtu wa Katesh.” Sijapata la kumwambia. Nimemwomba aandike kwenye daftari la mauzo kila video anayoifanya, imechukua saa ngapi, imekula units ngapi na amelipwa shilingi ngapi, na usiku ambao umeme ulikatika auandike pia. Yeye naye ameniomba nisiwe wa kulisoma peke yangu.