Mkalimani na Itifaki

Kokwa la embe halionekani ila baada ya nyama yake kuliwa, na mlaji aghalabu hulitupa bila ya kulitazama. Mabingwa wa kompyuta walipotafuta jina la ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji, walichagua neno la Kiingereza lenye maana hiyo hiyo ya kokwa. Kwa Kiswahili yafaa kuitwa kiini. Mtu huandika barua, husikiliza taarabu, humpelekea picha nduguye aliye Maskati, na yote hayo huyafanya juu ya ganda. Yeye hakioni kiini, wala kiini hakimjui yeye ni nani. Hata hivyo, haipo herufi moja itokayo kwenye kibodi ikafika kwenye kioo pasi na kupita humo.

Ndani ya kiini mna watumishi wa aina mbili, ambao bila ya wao kompyuta ingekuwa bubu na kiziwi. Wa aina ya kwanza ni madereva wa vifaa, yaani programu ndogo ndogo ambazo kila moja imekisomea kifaa kimoja: diski, kibodi, kadi ya mtandao. Wa aina ya pili ni itifaki za mtandao, yaani kanuni ambazo kwazo mashine mbili zisizojuana hupelekeana maneno yakafika. Mpenzi wa mashairi atauliza yanamhusu nini haya. Yanamhusu kwa sababu kazi ya wale wa kwanza ni ukalimani, na kazi ya wale wa pili haiko mbali na arudhi.

Jina la dereva, kwa kweli, halimstahiki mtumishi huyu. Dereva wa gari hushika usukani akachagua njia, ilhali dereva wa kifaa hana safari anayoiamua. Kadi ya mtandao imejaa visanduku vidogo vya nambari viitwavyo rejista. Nambari moja ikitiwa katika kisanduku hiki, kadi huamka. Ikitiwa katika kile, kadi husahau yote iliyokuwa ikiyafanya. Kila kiwanda kina visanduku vyake na maana zake, na maneno ya kadi hii ni upuuzi mtupu kwa kadi ya pili. Kiini nacho husema lugha moja tu ya jumla: peleka hii, pokea ile. Baina ya lugha hiyo ya jumla na lahaja ya kadi ndipo anaposimama huyo aitwaye dereva. Kiswahili kina jina la mtu wa kazi hiyo tangu zama za biashara ya majahazi, nalo ni mkalimani.

Ishara inapofika kutoka kwenye waya, kadi huyakusanya maneno yaliyomo na kuyaweka mahali maalumu katika kumbukumbu, kisha huikatiza kazi ya prosesa. Kukatiza huko ni hodi. Prosesa huacha iliyokuwa ikilifanya, na mkalimani huamshwa. Huichukua pakiti iliyofika, huivua mavazi ya kadi, huivika mavazi yanayojulikana na kiini, kisha huikabidhi kwa itifaki zilizo juu yake. Moja hutazama anwani. Nyingine hutazama nambari ya zamu na kuhakikisha kwamba hapana kilichopotea njiani. Mwishowe programu husoma mstari safi, na msomaji hajui kadi iliyoupokea ni ya nani. Mkalimani akifanya kazi yake sawasawa, hakuna anayekumbuka kwamba alikuwapo.

Wakalimani hao wana historia, na historia yao imeanza kwa upungufu. Mnamo Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza kwamba anaandika mfumo wa uendeshaji kwa ajili ya kujifurahisha tu. Lugha ya mama ya kijana huyo ni Kiswidi, katika nchi ambayo wengi husema Kifini, na tangazo lake aliliandika kwa Kiingereza. Alitahadharisha kwamba yamkini mfumo wake hautajua kamwe diski za aina nyingine ila ile aliyokuwa nayo yeye mwenyewe. Mfumo huo, uliokuja kuitwa Linux, ulizaliwa basi ukijua lugha ya chumba kimoja.

Lugha nyingine ziliongezwa na watu wengine, mmoja mmoja. Kwa upande wa kadi za mtandao, aliyetangulia mbele ni Donald Becker, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Goddard cha NASA, jimboni Maryland, Marekani. Aliandika madereva mengi ya kadi za Ethernet, na mwaka 1994 yeye na Thomas Sterling waliziunganisha kompyuta 16 za bei nafuu zikafanya kazi kama moja. Mtambo huo waliuita Beowulf, jina la utenzi wa kale wa Kiingereza. Wahandisi nao, wanapotaka jina la kudumu, huenda kulitafuta kwa washairi.

Kazi ya wakalimani hao haikuwa nyepesi. Viwanda vingi viliificha kamusi ya vifaa vyao, kwa kuhofia washindani. Mwandishi wa dereva akalazimika kukaa na kifaa kama mtoto akaavyo na watu wazima wasiomfundisha kusema: hutia nambari akangoja, hutazama kilichotokea, huandika, hujaribu tena. Wako waliojifunza lugha nzima ya kadi kwa njia hiyo, bila ya kitabu wala mwalimu. Aliyepata kujifunza lugha ya watu kwa kusikiliza mlangoni ataielewa hali yao.

Lakini je, mkalimani akae wapi? Swali hilo lilizusha majibizano makali mnamo Januari 1992. Andrew Tanenbaum, profesa wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam, alikuwa ameandika mfumo wa MINIX uliomfunza mengi Torvalds. Profesa alisema kwamba kuwatia madereva ndani ya kiini ni kurudi nyuma. Kiini kiwe kidogo, na wakalimani wakae nje. Torvalds alikiri kwamba kwa upande wa nadharia na uzuri mwalimu ana hoja, lakini alishikilia kwamba mfumo wake ndio uliopo na unaofanya kazi.

Mjuzi wa nyumba za mawe za Pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi. Wako wageni wanaokomea barazani, wako wanaokaribishwa ukumbini, na wako wachache wanaofika ndani. Anayekaa barazani kila jambo lake lazima livuke mlango, na kuvuka mlango ni muda. Anayekaa ndani hufanya kazi upesi, lakini akiangusha taa, nyumba nzima huungua. Mfasiri wa shairi akikosea, ameharibu ubeti, na ubeti uliobaki husimama. Mkalimani wa ndani ya kiini akikosea rejista moja, mashine yote huzimika, pamoja na kazi za watu wasiojua hata jina lake. Mwaka 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliyachunguza makosa yaliyomo katika kiini cha Linux, wakaona kwamba kiwango cha makosa katika madereva kilikuwa mara 3 hadi 7 kuliko sehemu nyingine. Tanenbaum hakuiacha hoja yake: mwaka 2005 alitoa MINIX 3, ambamo dereva akianguka huinuliwa tena na nyumba ikaendelea kusimama. Hata hivyo, sehemu kubwa ya dunia inaendelea kuishi na wakalimani wa ndani. Imekubali hatari kwa ajili ya wepesi, na aghalabu imekubali bila ya kuulizwa.

Mkalimani peke yake hatoshi. Hata watu wa lugha moja, pasipo utaratibu, hawasikilizani. Na hapa ndipo itifaki inapoingia. Asili ya neno hilo ni Kiarabu, na maana yake ni mapatano. Itifaki na kuafikiana ni watoto wa mzizi mmoja. Itifaki ya TCP, iliyoandikwa kwa ukamilifu mwaka 1981 na kuwa sharti katika mtandao wa ARPANET tangu tarehe 1 Januari 1983, huanza mazungumzo kwa maneno matatu. Wa kwanza hupiga hodi. Wa pili huitika karibu, na papo hapo hupiga hodi yake. Wa kwanza huitika, ndipo mazungumzo yanapoanza. Kila upande umehakikisha kwamba unasikia na unasikiwa.

Baada ya hapo huja hesabu. Mnakili wa utenzi wa zamani, aliyeandika kwa herufi za Kiarabu, alijua kwamba kila kipande kina mizani 8. Akikutana na kipande cha mizani 7, sikio lake lilimwambia kwamba kuna kilichoanguka, hata kabla hajajua ni neno gani. Vina na mizani ni urembo, lakini pia ni mlinzi wa safari ya maneno kutoka kinywa hadi kinywa. Vivyo hivyo, kila pakiti ya TCP hubeba jumla iliyohesabiwa kutokana na yaliyomo. Mpokeaji huhesabu upya. Jumla zisipolingana, pakiti hutupwa kimya kimya, na mpelekaji asipopata jibu huipeleka tena.

Na katika kupeleka tena ndimo maafa yalimojificha. Mnamo Oktoba 1986, njia ya mtandao baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, mahali pasipozidi mita 400, ilidhoofika ghafla. Mwendo wake ulishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Hapana waya uliokatika wala adui aliyeingia. Kila mashine ilifuata kanuni: haikupata jibu, basi ilirudia, na kurudia kukaongeza msongamano, na msongamano ukazidi kuyachelewesha majibu. Ni kama watu watokao msikitini siku ya Idi kwa mlango mmoja: kila anayesukuma ana haki ya kutoka, na kwa kusukuma kwao hatoki mtu.

Van Jacobson, pamoja na Michael Karels, waliutafuta ugonjwa huo, na dawa waliyoipata haikuwa mlango mpana zaidi. Waliandika ndani ya kiini kwamba mpelekaji aanze kidogo, akijibiwa, azidishe, akiona pakiti imepotea, asidhani kwamba amedhulumiwa, bali adhani kwamba njia imejaa, na apunguze nusu. Dawa hiyo ilitiwa katika mfumo wa BSD, maelezo yake yakachapishwa mwaka 1988, na viini vingine vikaifuata. Jambo la kustaajabisha ni kwamba hapakuwa na askari wa kuilazimisha. Mwenye mashine yake angeweza kukibadilisha kiini chake asukume atakavyo. Mtandao wa dunia umesimama kwa sababu walio wengi wamekubali kujizuia mahali pasipoonekana na mtu.

Lakini adabu nayo ina gharama, na gharama haikugawanywa sawa. Anayengoja jibu kabla ya kuzidisha, mwendo wake hutegemea umbali wa jibu. Kabla ya waya wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, ukifika Mombasa na Dar es Salaam kupitia chini ya bahari, Pwani ya Afrika Mashariki iliitegemea setilaiti iliyo juu yapata kilomita 36,000. Hodi ilipanda ikashuka, na jibu likapanda likashuka: takriban kilomita 144,000, nazo hata kwa kasi ya mwanga ni karibu nusu sekunde. Jirani wa Berkeley aliweza kuzidisha mara nyingi katika muda ambao mtu wa Unguja alizidisha mara moja. Wote wawili walikuwa na adabu ile ile. Wa mbali ndiye aliyelipa zaidi. Wengi waliokaa mbele ya kioo kisichojaa walidhani kwamba mashine zao ni mbovu.

Mapatano, hata hivyo, hurekebishwa. Injong Rhee na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina State walitunga kanuni iitwayo CUBIC, ambayo mpelekaji huzidisha kwa kutazama zaidi muda uliopita tangu apoteze pakiti, wala si umbali wa jibu. Tangu mwaka 2006 Linux imeifanya kuwa kanuni yake ya kawaida. Haikuufuta umbali, kwani hapana awezaye kuufuta, lakini ilimpunguzia aliye mbali adhabu ya kuwa mbali.

Leo mtu wa Unguja akimpelekea nduguye picha Maskati, simu yake hupiga hodi ikaitikwa. Kiini hutanguliza pakiti chache, 10 hivi kwa desturi ya Linux tangu mwaka 2011, kisha hungoja. Zikijibiwa, huongeza, moja ikipotea, hurudi nyuma. Mkalimani hutia nambari zake katika visanduku vya kadi, kwa lahaja iliyojifunzwa na mtu asiyejulikana hapa wala kule. Picha hufika. Ndugu hutazama sura ya mtoto, hucheka, huandika jibu. Kokwa halikuonekana.