Jina Moja, Kadi Mbili

Nilikuwa na dola 60 za kuchapisha tasnifu, na kompyuta ya mwaka 2012 iliyoshindwa kunionyesha nkambo wangu.

Nilimrekodi kwa simu akisimulia hadithi kwa Kiluba, miezi michache kabla hajafariki. Video ni ya 4K, katika mfumo wa HEVC, na kompyuta ya umri ule huikwamisha: sauti inatangulia, midomo inafuata. Siku ile mvua ilipiga mabati. Bila kuiona midomo, maneno mengine sikuyapata.

Kaka mmoja fundi alinishauri ninunue kadi kubwa ya grafiki. Tulipofungua kasha tulikuta umeme wa wati 240 tu, na nafasi finyu. Kadi yake haikuingia.

GT 1030 haitumii zaidi ya wati 30 hivi na haidai waya wa ziada. Lakini jina hilo linabeba kadi mbili: moja ina kumbukumbu ya GDDR5, nyingine DDR4, iliyo polepole zaidi. Mcheza michezo akipewa ya pili ataona amepunjwa. Mimi sikuwa mcheza michezo. Zote mbili husoma HEVC. Darasani tunafundishwa kupima neno kwa matumizi yake. Sokoni nami nilipima kadi hivyo hivyo. Nikachukua ya DDR4, iliyotumika, kwa dola 35.

Nakala za tasnifu zilipungua. Lakini usiku ule niliona midomo ya nkambo ikifumba: neno nililoliandika kwa n lilikuwa na m.