Kicheko cha Ijumaa Usiku

Mwaka 2001 nilikwenda Birmingham, Uingereza, kusoma shahada ya pili ya elimu. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, Mmethodisti, ambaye siku ya kwanza alinieleza sheria mbili za nyumba yake: viatu vivuliwe mlangoni, na Ijumaa usiku mtu asimsemeshe kipindi chake kikiwa hewani.

Kipindi chenyewe ni Have I Got News for You. Kilianza BBC mwaka 1990 na bado kipo. Wanakaa timu mbili za watu wawili wawili, mwongozaji katikati, wakijibu maswali juu ya habari za wiki. Ian Hislop, mhariri wa gazeti la kejeli la Private Eye, yuko timu moja. Mchekeshaji Paul Merton timu nyingine. Pointi zinahesabiwa, ingawa sijaona mtu akizijali. Watu hukaa kutazama wakubwa wakichekwa.

Miezi ya kwanza nilicheka kwa kumfuata mama mwenye nyumba, kama mgeni kanisani anayesimama akiona wengine wamesimama. Baadaye nikawa nasoma magazeti kila Alhamisi ili Ijumaa nisipitwe.

Mwongozaji, Angus Deayton, alikuwa ameshika kiti kile tangu mwanzo. Mwaka 2002 magazeti yakaanika mambo ya maisha yake ya faragha, na alipokaa tena kitini wenzake wakamgeukia. Merton alionyesha fulana iliyochapwa ukurasa wa mbele wa gazeti lenyewe. Deayton akawa hana budi kuendelea na maswali, akitabasamu. Nilicheka hadi machozi. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameondolewa, na tangu hapo waongozaji huja kwa zamu kama wageni.

Nilirudi Moshi mwaka 2003, nikasahau. Mwaka jana mjukuu wangu, likizoni, aliniuliza Ulaya nilikuwa nafanya nini jioni, akanitafutia kipindi kile kwenye simu yake. Tukaanza na vile vya zamani. Utani wa habari ulikuwa umekufa kabisa. Kila dakika ananiuliza, “Babu, huyu waziri ni nani?” Nikimaliza kumweleza hachekwi tena mtu yeyote, wala mimi mwenyewe sicheki. Tukafika kile cha 1993, ambapo mwanasiasa Roy Hattersley aliahirisha kuja kwa mara ya tatu, na kwenye kiti chake wakaweka kopo la mafuta ya nguruwe. Mjukuu alianguka kwenye kochi kwa kicheko. Hattersley hamjui, wala chama chake. Kopo limekaa kama mtu, yanatosha.

Kisha tukafungua cha 2002. Nilikuwa nimemwahidi kwamba hicho ndicho chenyewe. Nikatazama lile tabasamu la Deayton, nikamwambia azime.

Tabasamu hilo nilikwisha kuliona karibu zaidi.

Katika baraza letu la wazee tulikuwa na katibu aliyesoma taarifa polepole, karatasi ameiinua karibu na pua. Siku moja alisoma sadaka ya mavuno akaongeza sifuri moja. Nikasema, “Mwacheni Mzee asome mara mbili zaidi, paa la kanisa litakuwa limelipiwa.” Watu walicheka, mchungaji naye. Mzee akatabasamu, akasahihisha. Utani ule haukuchakaa. Kwa zaidi ya mwaka kila akifungua daftari mtu angesema, “Mzee, ongeza sifuri,” na sisi tunacheka upya. Nilijivuna moyoni, kwa sababu ulikuwa wangu. Kisha akaleta barua ya kujiuzulu, sababu ni afya. Baadaye tulisikia kwamba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hakutaka kutuambia.

Zaburi ya kwanza inaonya juu ya kukaa na wenye mizaha. Nimeihubiri mara nyingi, na kila mara niliwafikiria walevi wa kijiweni. Sikuwahi kufikiria meza yetu, yenye Biblia katikati na chupa ya chai.

Nilichukua wiki tatu kabla ya kwenda kwake. Nilimkuta chini ya migomba, akapapasa kiti, akanisogezea. “Karibu, Mwalimu. Leo umepotea njia?” Nikamwambia nilichokuja kusema, kwa maneno machache, maana marefu niliyoyaandaa yalinitoka. Alinyamaza muda. Akauliza imekuwaje nikumbuke leo, baada ya miaka minne. Basi ikabidi nimsimulie habari za Birmingham, za yule mama na Ijumaa zake, hadi kopo la mafuta.

Alicheka kopo lile kama mjukuu wangu alivyocheka, akajipiga paja. Halafu akageuza uso kunielekea, ingawa sijui aliona nini.

“Na kwenye kiti changu kule barazani, mmeweka nini?”

Nikamwambia kiko wazi.

Hakusema kama atarudi. Alimwita mkewe atuongezee chai.