FRI SI BURE

Sisi wa shule ya kutwa tunaijua bei ya mafuta kuliko wenzetu wa mabweni. Ikitangazwa jioni ya tarehe 14 kwamba imepanda, kesho yake makanga anadai nauli mpya, na ubishi haukusaidii. Septemba 2023 petroli na dizeli zilipovuka shilingi 200 kwa lita mjini Nairobi, wengi wetu tulirudia miguu. Kwa hivyo dereva anayetafuta njia ya kusevu mafuta simlaumu hata kidogo. Ninayemlaumu ni yule wa kutia fri.

Neno hilo nililipata kwa mjomba wangu ambaye ni dereva wa lori. Fri ni kutoa gia kwenye mteremko, lori lijiendee kwa uzito wake. Madereva huambiana eti injini imelala, kwa hivyo hainywi. Jamani, imelala vipi na bado inanguruma? Fundi mmoja wa mtaani kwetu alinieleza vizuri. Katika injini za siku hizi, ukiacha gia ndani na kuondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo huizungusha injini, na mafuta hukatwa. Ukitoa gia, magurudumu hayaisaidii tena, basi ni lazima inywe ili isizime. Yaani mwenye fri ndiye anayechoma mafuta! Imani hii imebaki tangu enzi za kabureta.

Tena gia ndiyo hulishika lori mteremkoni. Bila gia kazi yote ni ya breki, nazo zikishapata moto sana hazishiki. Pale kati ya Sachangwan na Salgaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, fri imelaumiwa kwa miaka mingi. Tarehe 31 Desemba 2017 watu 36 walikufa huko Migaa, basi na lori yalipogongana. Sisemi ajali ile ilitokana na fri. Lakini hebu piga hesabu: hata kama fri ingemsevia dereva lita mbili, kwa bei ile ya 2023 ni kama shilingi 400 tu.

Kusevu kwa kweli hakuna sifa. Ni kupima upepo wa tairi zikiwa baridi, maana gari lenye tairi laini ni kama mtu anayetembea mchangani. Ni kukanyaga mafuta polepole na kutazama mbali, usifunge breki kila mara. Ni kupunguza mwendo, kwa sababu ukikimbia sana injini inapigana na upepo. Na nyinyi wa matatu mnaopiga resi stejini gari likiwa limesimama, hiyo ni nauli yetu mnachoma!

Mjomba anakubali yote isipokuwa hilo la mwendo. Anasema mwenye lori humpigia simu kila saa kumwuliza amefika wapi, wala hajawahi kumwuliza ametumia lita ngapi.